Kompresa Haiongezi Sauti

“Fundi, weka kompresa basi, sauti ipande.” Ombi hilo nimelisikia kumbini, kanisani na studioni, tena mara nyingi kutoka kwa wanamuziki wenye sikio zuri kuliko langu. Kompresa haijui kupandisha. Kazi yake yote ni kushusha: inasubiri sauti ivuke kiwango fulani, ikivuka inaisukuma chini. Kinachofanya wimbo usikike umenenepa ni hatua ya pili, pale fundi anapoitumia nafasi iliyopatikana juu na kuinua kila kitu. Kila kitu kweli: pumzi za mwimbaji, feni la ukumbi, jenereta lililo nyuma ya jengo, watoto wanaocheza kando ya jukwaa.

Tupige hesabu kidogo. Kizingiti, yaani kile kiwango cha kuvukwa, kiko desibeli -20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na uwiano ni nne kwa moja: kati ya kila desibeli nne zilizovuka, inapita moja. Mwimbaji akipanda hadi -8, amekivuka kizingiti kwa desibeli 12. Kompresa inamruhusu robo tu ya hizo, yaani 3, kwa hiyo anatoka akiwa -17. Mwenzake anayeimba taratibu kwenye -25 hakuguswa. Mwanzo walipishana kwa desibeli 17, sasa wanapishana kwa 8, na fundi anaweza kuwainua wote wawili bila yule wa juu kukwaruza.

Hiyo ndiyo nadharia, na mtu yeyote mwenye subira huielewa kwa jioni moja. Lakini nimeona mabishano mengi ya mafundi kuhusu kizingiti na uwiano (“Weka tatu kwa moja!” “Hapana, sita!”) huku nobu mbili za pembeni, ataki na rilizi, zikiwa zimeachwa kama zilivyotoka dukani. Ataki ni muda ambao kompresa inachukua kuikamata sauti. Rilizi ni muda ambao inachukua kuiachia. Mimi naamini hizo mbili ndizo zinazoamua karibu kila kitu, na ukizipatia, uwiano unaweza kuukosea kidogo na asijue mtu.

Kabla ya mashine, kazi hii ilikuwa ya mkono na miguu. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, sauti yake ilichongwa moja kwa moja kwenye nta. Ikizidi nguvu, sindano ya kuchonga huyumba hadi kuubomoa ukuta wa mfereji wa jirani, na sahani ndiyo basi tena. Katika rekodi za zama zile aliyedhibiti sauti alikuwa binadamu: mwimbaji alisogezwa mbele au nyuma ya maiki, kila ala ikapangiwa mahali pake chumbani, na fundi akaangalia kipimo chake. Ndiyo maana napenda kuwasikilizisha vijana wa studio santuri za enzi hizo. Hakuna kifaa kinachomshika mwimbaji, anajishika mwenyewe.

Redio ndiyo iliyoleta mashine. Mtambo wa kurushia masafa ya kati una mpaka usiovukika: sauti ikizidi asilimia 100 ya kile ambacho wimbi linaweza kubeba, matangazo hukwaruza na kumwagikia kwenye masafa ya jirani. Fundi alikaa na nobu mkononi akisoma mita, lakini hakuna mkono unaoweza kuwahi kikohozi. Mwaka 1937 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilitoa amplifaya yake iitwayo 110A, iliyojishusha yenyewe pale sauti inapozidi. Ililetwa kuulinda mtambo. Kupendezesha muziki kulikuja baadaye, watu walipogundua kwamba sauti iliyoshikwa hivyo ina utamu wake.

Ukitazama mashine kongwe ambazo leo zinaigwa kwenye kila kompyuta ya studio, utaona zimekubaliana na mimi (au tuseme mimi nimekubaliana nazo). Fairchild 670, dubwana la mwaka 1959 lenye vali 20 za kielektroniki na uzito wa takriban kilo 30, haina nobu ya uwiano. Ina swichi ya muda yenye nafasi sita. LA-2A ya miaka ya 1960 ina nobu kubwa mbili tu, ya kushusha na ya kuinua, na muda wake umefichwa ndani ya kikopo chenye kibao kinachong’aa na kikinzani kinachohisi mwanga. Sauti ikipanda, kibao kinang’aa na sauti inashushwa. Sauti ikipungua, nusu ya kwanza ya kuachia hupita haraka, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na iliyobaki hujivuta kwa sekunde kadhaa, kutegemea sauti ilikuwa kubwa kiasi gani na kwa muda gani. Kikinzani kile kina kumbukumbu. Ndiyo maana kwa waimbaji wa taratibu inasikika kama haifanyi chochote, na hiyo ni sifa.

Halafu kuna kompresa ya 1176 ya mhandisi Bill Putnam, ya mwaka 1967. Hiyo haina nobu ya kizingiti. Unaisukumia sauti mpaka ikubali kufanya kazi. Ataki yake inaanzia mikrosekunde 20 hadi 800, maana yake hata ile ya taratibu kabisa haifiki milisekunde moja. Na nobu zake za muda zimegeuzwa: ukizungusha kulia unaongeza kasi. Nimewaona watu wazima, wenye studio zao, wakiitumia plagini (nakala ya kompyuta) ya mashine hii kinyume kwa miaka na kuilaumu kwamba “inaua ngoma”.

Inaua ngoma kweli, ukiitumia hivyo. Chukua ngoma yoyote inayopigwa kwa fimbo au kiganja. Kuna mlio wa kwanza kabisa, ule wa ngozi kuguswa, halafu unafuata mwili wa ngoma yenyewe. Mlio ule wa kwanza hudumu milisekunde chache tu, lakini ndio unaoliambia sikio mpigaji alipiga saa ngapi na kwa hasira kiasi gani. Ataki ya milisekunde moja inaukamata na kuubonyeza, na ngoma inarudi nyuma kana kwamba iko chumba cha pili. Ataki ya 30 inauacha upite ndipo inakamata mwili, na ngoma inasogea mbele. Kizingiti kilekile, uwiano uleule, ngoma mbili tofauti kabisa.

Rilizi ina mtego wake, hasa kwenye besi. Noti ya hezi 40 (mitikisiko 40 kwa sekunde) huchukua milisekunde 25 kukamilisha wimbi moja. Ukiiweka rilizi kwenye milisekunde 10, kompresa inaachia na kukamata tena ndani ya wimbi hilohilo moja, inafuata umbo la wimbi badala ya kufuata noti, na besi inaanza kukwaruza ingawa hakuna taa nyekundu popote. Watu hubadilisha waya, hubadilisha spika, humlaumu mpiga besi. Ongeza rilizi tu. Ukiizidisha nayo, kila kiki (ngoma kubwa ya mguu) ikipiga, muziki wote unazama na kurudi taratibu, unahema. Kwenye muziki wa klabu kuhema huko hutafutwa makusudi. Kwenye kwaya, hapana.

Mtihani mkubwa kuliko yote ninaoujua ni harusi ya taarabu. Mwimbaji anaanza ubeti maiki ikiwa sentimita 5 kutoka mdomoni. Kinamama wanaanza kuja kutunza, noti mkononi, mabega yakicheza. Mwimbaji anatabasamu, anainama, anapokea, na maiki imeteremka. Sentimita 5 zimekuwa 20. Kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua takriban desibeli 6, kwa hiyo hapo zimepotea 12 na yeye hajapunguza nguvu hata kidogo. Besi ya sauti yake imepotea pia, kwa sababu maiki nyingi za jukwaani hunenepesha sauti iliyo karibu na kuikondesha iliyo mbali. Kisha unafika mstari ambao ukumbi mzima unausubiri, maana kuna mtu humo ndani ambaye kijembe kinamhusu. Maiki inarudi mdomoni na mstari unapigwa kwa pumzi yote.

Kompresa yenye ataki kali na rilizi ndefu itakufedhehesha hapo. Herufi ya kwanza ya mstari inaishtua, inashuka desibeli 10 au zaidi, inabaki huko chini sekunde mbili, na maneno yenyewe ya kijembe yanapita chini ya kinanda. Ukumbi umesikia kwamba kuna jambo limesemwa, lakini haujui ni jambo gani. Mama wa bwana harusi anakuja kwenye mitambo kuuliza, na hana sura ya mtu aliyekuja kusalimia.

Mimi naanza na uwiano wa tatu kwa moja, ataki ya milisekunde 10 hadi 15 na rilizi ya karibu 200, kisha nashusha kizingiti mpaka sindano ionyeshe inapungua desibeli 4 hadi 6 kwenye vilele na irudi sifuri kabla ya neno linalofuata. Hapo kwenye kurudi sifuri ndipo ninapotazama zaidi. Sindano isiyorudi imeacha kuwa kompresa, imekuwa nobu ya kupunguzia sauti tu. Zile desibeli 12 za wakati wa kutunzwa siiachii kompresa. Hizo ni kazi ya kidole kwenye kitelezi. Mashine haijui kwamba kijembe kinakuja. Fundi aliyewahi kuusikia wimbo anajua.

Sasa mluzi, ule mlio mkali unaotokea maiki inapoisikia spika yake yenyewe. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Tuseme kompresa inashusha desibeli 6 mwimbaji akiimba, nami nimeinua 6 kufidia. Akinyamaza, kompresa haishushi kitu, lakini zile 6 nilizoinua bado zipo. Maiki iliyo kimya sasa ina ukali wa desibeli 6 zaidi kuliko nilivyoipima mchana bila kompresa, na inaisikia spika vizuri kuliko inavyotakiwa. Ndiyo sababu katika kumbi nyingi mluzi hauji katikati ya wimbo. Unakuja wimbo ukiisha, wakati wa makofi, mwimbaji akiwa ametulia na maiki ikielekea monita (spika ya kumsikilizisha mwimbaji mwenyewe). Watu husema maiki ni mbovu. Dawa yake ni mbili: kuinua kidogo kuliko ulichoshusha, na kuwapelekea wanamuziki kwenye monita sauti iliyochukuliwa kabla ya kompresa. Mikisa nyingi za kidijitali za siku hizi zina chaguo hilo kwenye menyu. Waimbaji wenyewe hulipenda wakishalizoea, kwa kuwa wakipandisha sauti wanajisikia wamepanda; kompresa kwenye monita huwadanganya, nao hulazimisha koo.

Limita ni ndugu mkali wa kompresa, uwiano wake ni kumi kwa moja, ishirini kwa moja, au ukuta kabisa. Nafasi yake ni mwishoni, kabla ya amplifaya, na huko haina shughuli na uzuri wa muziki, inalinda mali. Spika hufa vifo viwili. Kimoja ni cha ghafla, koni ikirushwa mbali kuliko ilivyoumbwa, kwa mfano mtu akichomoa jeki bila kuzima chaneli. Cha pili ni cha joto, koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) ikiungua polepole. Muda unaingia hapa tena: limita ya kuzuia kifo cha ghafla lazima iwahi ndani ya milisekunde chache, lakini ya kuzuia joto hupima wastani wa nguvu na inaweza kungoja sekunde kadhaa, maana koili haipati moto papo hapo. Mitambo yenye kichakato cha kidijitali huwa na zote mbili. Mitambo ya kukodi yenye moja tu ya vilele itakulinda dhidi ya jeki, halafu saa sita usiku tweeta (spika ndogo za sauti nyembamba) zitaungua zikiwa ndani ya mpaka ulioruhusu mwenyewe, kwa sababu muziki uliobanwa sana hauipi koili nafasi ya kupumzika kati ya mapigo.

Geti hufanya kinyume: linafunga kilicho chini ya kizingiti. Kifaa hiki kina hadithi yake nzuri. Mwaka 1979, katika studio ya Townhouse jijini London, mhandisi Hugh Padgham alikuwa akirekodi albamu ya mwanamuziki Peter Gabriel, Phil Collins yuko kwenye ngoma. Mikisa yao ya SSL ilikuwa na maiki ya kusikilizia maongezi ya wanamuziki, yenye kompresa kali sana ili aliye mbali na aliye karibu wasikike sawa. Collins akapiga ngoma maiki ile ikiwa wazi. Chumba kizima kikaruka juu, kompresa ikikivuta. Padgham akaongeza geti linalokata mwangwi ghafla, na ile ngoma kubwa inayokatika kama imefungiwa mlango ikautawala muziki wa muongo uliofuata. Kompresa isiyokusudiwa muziki kabisa, na geti lenye muda uliopangwa vizuri.

Sisi huku tunalitumia kwa shida za kawaida zaidi, kama kuzuia maiki za ngoma zisivute sauti ya jukwaa zima. Kwa mwimbaji wa kwaya silipendekezi. Anayeanza ubeti kwa upole hukatwa silabi ya kwanza, na “Bwana” linatoka “wana”. Ekspanda, ambayo inashusha kidogo badala ya kufunga kabisa, inatosha kulitoa jenereta mbele.

Kwenye redio hali ni nyingine, na nitapita haraka. Mhandisi Bob Orban alileta Optimod, mashine yake ya kubana sauti ya redio, mwaka 1975, na siku hizi stesheni za FM huugawa muziki katika vipande vya masafa, kila kipande kinabanwa peke yake, kisha vinaunganishwa na kuwekewa ukuta kabla ya mtambo. Kinachonisumbua ni mtangazaji anayepitishwa humo bila kushughulikiwa kwanza. Lugha yetu imejaa s na sh, na kibanio cha masafa ya juu kikifanya kazi vibaya zinatoka kama pasi ya moto kwenye kitambaa kibichi. Kompresa inayosikiliza masafa ya kati ya kilohezi 5 na 8 tu, ikashusha hizo na kuacha zilizobaki, inamaliza tatizo hilo.

Upande wa studio, vita vya ukubwa wa sauti, vya kila mmoja kutaka wimbo wake usikike mkubwa kuliko wa jirani, vilikwisha zamani, ila askari hawajaambiwa. Ulaya waliweka mwaka 2010 kanuni ya R128 inayotaka matangazo yapimwe kwa wastani wa ukubwa unaosikika (kipimo chake huitwa LUFS), uwe -23, badala ya vilele. Majukwaa ya mtandaoni yakafuata njia hiyo kwa kiwango cha juu zaidi: Spotify na YouTube huzunguka kwenye -14. Wimbo uliobanwa hadi -7 ukifika YouTube unashushwa 7. Msikilizaji anabaki na kila kovu la kubanwa, na ukubwa wote uliolipiwa umeondolewa.

Singeli ndiyo iliyonifundisha hili vizuri zaidi, na inanirudisha kwenye rilizi. Singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye 240, pigo moja ni milisekunde 250. Prodyuza anayechukua mpangilio wa kompresa uliotengenezwa kwa muziki wa polepole, wenye rilizi ya 400, ameiambia kompresa isubiri muda mrefu kuliko nafasi iliyopo kati ya mapigo. Haitarudi sifuri hata mara moja kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Imeshusha biti zima, naye anaona sauti imefifia, anaisukuma zaidi ndani ya limita, na kile kishindo kinachowarusha watu kwenye vigodoro kimekuwa mngurumo mmoja mrefu. Teremsha rilizi hadi 80 au 100, pigo linapata pa kusimama. Usishuke sana, maana besi ya hezi 50 ina wimbi la milisekunde 20 na ule mkwaruzo wa besi utarudi. Dirisha la kufanyia kazi ni jembamba, na hakuna uwiano unaoweza kulipanua.

Wateja wangu wa singeli huwa nawawekea matoleo mawili, lililobanwa na lisilobanwa, yote yakiwa yamelinganishwa ukubwa kwa mita, bila kuwaambia lipi ni lipi. Wengi huchagua lenye kishindo, yaani lisilobanwa. Halafu wanauliza kuhusu daladala, na hapo wana hoja. Ndani ya gari lenye injini inayounguruma, madirisha wazi, konda akipiga kelele mlangoni, na wimbo ukitoka kwenye flashi isiyopita jukwaa lolote la kusawazisha sauti, sehemu tulivu hazisikiki kabisa na wimbo wa jirani uliobanwa utauzidi. Kwa hiyo natoa mafaili mawili, moja la mtandaoni na moja la barabarani, na la barabarani nalipitisha kwenye limita kwa desibeli 4 zaidi, rilizi ileile.